FMF na CERF: mapitio ya njia mbili za kutumia bajeti finyu ya misaada ya nje

FMF, mpango wa Marekani wa kugharimia silaha za nchi rafiki, huonekana nafuu kuliko ulivyo. Fedha zenyewe kwa kiasi kikubwa hurudi kwa viwanda vya Marekani, na ununuzi ukipitia serikali ya Marekani huongezwa ada ya usimamizi ya 3.2%. Shida kubwa huja baadaye: vipuri, risasi, mafundi, mafuta. Gari la deraya lisilo na fungu la matengenezo ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake. Na kulipokea kwaweza kuchukua miaka.

CERF, mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa 2005, ni mwepesi zaidi. Dirisha lake moja la fedha, la dharura za ghafla, huwapa watekelezaji miezi sita, la pili ni la majanga yaliyosahauliwa na wafadhili. Kasoro: hulipa mashirika ya Umoja wa Mataifa tu, asasi za wenyeji husubiri mgawo. Mfadhili pia hachagui nchi. Anayetaka bendera yake kwenye gunia atanuna.

Kwa fedha za mwaka mmoja, CERF bila kusita. Isitoshe, kwa kanuni za DAC, kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD (jumuiya ya nchi tajiri), silaha hazihesabiwi kuelekea lengo la kutoa 0.7% ya pato la taifa kama misaada ya maendeleo.