HealthCare.gov kabla ya Medicare: uzoefu wangu

Nilistaafu nikiwa na miaka 62, hapa Columbus, Ohio. Umri huo unatosha kuanza kuchukua pensheni ya Social Security, lakini Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inasubiri 65. Nina presha na kisukari, kwa hiyo kukaa bila bima hakukuwa jambo la kufikiria.

Kazini walinipa COBRA: unabaki na bima ileile na madaktari walewale, kwa kawaida hadi miezi 18. Lakini ile sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri inakuangukia wewe, na juu yake wanaweza kuongeza asilimia 2. Aliye katikati ya matibabu mazito aichukue. Mimi nilikwenda HealthCare.gov, soko la serikali kuu la bima za afya mtandaoni, ndani ya siku 60 tangu bima ya kazi ikatike. Siku hizo zikikupita, unangoja Novemba.

Kampuni za bima zilizopo huko hazibagui mtu kwa ugonjwa. Bei inafuata umri, mahali unapoishi na kama unavuta sigara. Ruzuku ya serikali, inayopunguza bei hiyo, inafuata kipato unachotarajia mwaka huo. Mipango ina madaraja: ya Bronze ilikuwa nafuu kwa mwezi, ila nikachukua ya Silver. Kwa kipato kisichozidi asilimia 250 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, kama changu, Silver peke yake ndiyo hupunguza pia unachotoa mfukoni kwa daktari na kwa dawa. Mtu wa vidonge vya kila siku anaiona tofauti hiyo kila anapokwenda famasia.

Kilichoniudhi ni orodha ya madaktari. Tovuti ya kampuni ya bima ilimtaja daktari wangu wa kisukari, kumbe kliniki yake haipokei mpango ule. Pigeni simu kliniki kwenyewe, na mtaje jina kamili la mpango.

Na ninyi mnaotaka kutoa pesa za 401(k), akiba ya kustaafu ya kazini, kwa mkupuo mkajenge nyumbani, nawasihi mpige hesabu kwanza. Pesa hizo kwa kawaida zinahesabiwa kuwa kipato. Ruzuku za nyongeza zilizoanza 2021 zilikwisha mwisho wa 2025, hivyo kipato chako kikivuka asilimia 400 ya kiwango kile cha umaskini hupati kitu, na kuanzia kodi ya 2026 unarudisha ruzuku yote uliyopewa kimakosa. Jengeni kwa awamu, mwaka hadi mwaka.

Medicare ninaweza kujiandikisha kuanzia miezi mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65. Mpaka hapo, nabaki na Silver yangu.