Superman dhidi ya Muhammad Ali (1978): nimekisoma upya, na ngumi zake bado nzito

Kwa wenye haraka: ukikuta Superman vs. Muhammad Ali katika toleo la ukubwa kamili, na mfuko unaruhusu, chukua. Nimekisoma upya hivi karibuni, nikiwa na umri wa kuelewa ndondi na kuelewa mwaka 1978 ulikuwa mwaka wa namna gani, na kwangu hii ni mojawapo ya kazi bora kabisa zilizotoka kwenye katuni za mashujaa wa Marekani. Kuna sehemu zinazolegea, nitazitaja. Ila jina lake linawafanya watu wengi wakidharau kabla hata ya kukifungua, na hilo linaniuma.

Kilichapishwa na DC Comics kikiwa na kurasa 72, kwa dola 2.50, wakati katuni ya kawaida ya siku hizo ilikuwa senti 35. Denny O'Neil alianza kuiandika hadithi, Neal Adams akaimalizia na kuichora, na wino ukatiwa na Dick Giordano na Terry Austin. Mchoraji wa kwanza kufikiriwa alikuwa Joe Kubert. Michoro yake ya mwanzo haikukubalika, lakini mpangilio wa jalada alioubuni ndio Adams aliofuata.

Hadithi inaanza na vitisho. Rat'Lar, mtawala wa viumbe wanaoitwa Scrubb, anakuja na kundi la vyombo vya kivita na sharti moja: Dunia imtoe bingwa wake apigane na bingwa wao, jitu liitwalo Hun'Ya, la sivyo sayari nzima iteketezwe. Superman anajitokeza, kama ilivyotarajiwa. Ali naye anajitokeza, na hoja yake ni nzito. Huyu mwenzangu, anasema, si mzaliwa wa Dunia, katoka Krypton, tena ana nguvu ambazo mwanadamu hana. Bingwa wa Dunia awe mtu wa Dunia. Rat'Lar anavutiwa na mabishano yao, anaamua wapambane wao kwa wao kwanza, tena kwenye sayari yake ya Bodace ambako jua ni jekundu. Anayemfahamu Superman anajua maana yake: nguvu zake zinatokana na jua letu la manjano, na chini ya jua jekundu anabaki mwanamume mwenye misuli tu.

Hapo ndipo kitabu kinaponikamata. Kabla ya pambano, Ali anakubali kumfundisha Superman ndondi. Wanakwenda kwenye maficho ya Superman, zinawashwa taa zinazoiga mwanga wa jua jekundu, na bingwa anaanza kumnoa mtu atakayesimama naye ulingoni. Hakuna kuviziana. Ali anataka kushinda, lakini anataka kumshinda mtu anayejua anachofanya. Nimewahi kufunga glavu kwenye jimu ya mtaani, si kwa kiwango cha kujisifia, lakini kwa kiasi cha kutosha kutambua mchoraji anayejua kazi na asiyejua. Adams anajua. Ngumi za Ali humu hazianzii begani. Zinaanzia chini, kisigino kinageuka, nyonga inafuata, mkono ndio wa mwisho kufika. Kwenye katuni nyingi za mashujaa ngumi ni kelele na nyota zinazoruka. Hapa unaona uzito wa mwili ukihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Pambano lenyewe linarushwa kwa maelfu ya sayari, na mtangazaji wake ni Jimmy Olsen, yule kijana mpigapicha wa gazeti analofanyia kazi Clark Kent, yaani Superman mwenyewe anapojifanya mtu wa kawaida. Superman anapigwa. Nasisitiza: anapigwa kweli kweli. Uso unavimba, jicho linaziba, miguu inakwisha, na bado hataki kwenda chini. Kuna fremu amesimama mikono imelegea, na Ali ameacha kurusha ngumi. Bingwa anamgeukia mwamuzi na kumtaka asimamishe pambano, maana mtu huyu ataumia vibaya. Mwamuzi anasimamisha. Inahesabika ni TKO, yaani ushindi wa pambano kusimamishwa na mwamuzi, halafu ndipo Superman anaanguka kifudifudi, na wanamtoa kwa machela.

Tafakari hilo kidogo. Huyu ni mhusika aliyetoka mwaka 1938, chapa kubwa kuliko zote za kampuni hiyo, na kampuni yenyewe ikamwacha alale chini mbele ya mtu halisi, mtu mweusi, Mwislamu, aliyekuwa amenyang'anywa mkanda na leseni mwaka 1967 kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam. Waandishi walikuwa na njia nyingi za kukwepa. Wangeweza kutoa sare, au kuleta adui ghafla raundi ya pili ili pambano livunjike. Hawakukwepa. Na hawakumdhalilisha Superman pia, kwa sababu kusimama kwake bila nguvu zozote kunamfanya aonekane shujaa zaidi kuliko anapobeba majengo. Kila nikizifikia kurasa hizi nashika kichwa.

Baada ya hapo Ali anapewa mapumziko mafupi kisha anakutana na Hun'Ya. Rat'Lar anamtaka atabiri raundi, kama ilivyokuwa desturi yake, na Ali anasita kabla ya kutaja ya nne. Wapenzi wa ndondi watakumbuka alivyomtabiria Archie Moore raundi hiyo hiyo mwaka 1962, na ikawa. Huku nyuma Superman amejifanya Bundini Brown, yule mtu wa kona ya Ali, ameiba chombo cha adui na anavuruga vyombo vyao vya kivita angani. Pambano la Ali na Hun'Ya limejaa yale niliyoyaona kwenye picha za Kinshasa za Oktoba 1974, alipomwacha George Foreman ajichoshe halafu akammaliza raundi ya nane: mtu anayeonekana amekwisha, kumbe bado ana pumzi ya pili. Hun'Ya anatolewa nje ya ulingo kwa ngumi, ndani ya raundi iliyotabiriwa.

Kuhusu Hun'Ya nina neno. Rat'Lar anapotaka kuvunja ahadi na kuiangamiza Dunia licha ya kushindwa, anayemzuia ni bingwa wake mwenyewe. Hun'Ya amepigwa kihalali na hataki ushindi wa hila, hivyo anampindua mtawala wake. Nilitegemea jitu la kawaida lisilo na akili, nikapewa mwanamichezo.

Sasa yanayolegea. Kurasa za vita vya angani ni nyingi kuliko zinavyostahili, na zinakata pambano la pili vipande vipande kila linapopamba moto. Lois Lane anatembea tu humu, hapewi la maana la kufanya, na kwa mwandishi wa habari mwenye sifa kama zake ni upungufu mkubwa. Maneno nayo yamejazana, hasa mwanzoni, ambapo kila mtu anaeleza hali kwa aya nzima wakati picha imeshaeleza. Msomaji mdogo aliyezoea katuni za siku hizi anaweza kuchoka kabla hajafika Bodace. Mwambie avumilie.

Jalada ni kazi ya peke yake. Linazunguka mbele na nyuma, ulingo uko katikati, na ukumbi umejaa watu 172 waliochorwa sura kwa sura, huku orodha ya majina ikiwekwa ndani ili uwatambue. Yupo Frank Sinatra, wapo Jackson 5, yupo Pelé, yupo Andy Warhol, na katikati yao Batman ameketi kama mtazamaji mwingine yeyote. Baadhi ya watu waliokataa sura zao zitumike walibadilishwa kwa kuchorewa masharubu. Mimi na binti yangu tulikaa jioni nzima tukiwatafuta mmoja mmoja, yeye akisoma namba, mimi nikieleza huyu alikuwa nani.

Mmoja wa watazamaji hao ni Jimmy Carter, rais wa Marekani wakati huo, na kwetu Tanzania hapo pana jambo. Miaka miwili baadaye, Februari 1980, Carter alimtuma Ali huyu huyu Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea, kwa kuona suala la nchi na nchi halikupaswa kuletwa na mwanamichezo. Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Nikitazama jalada hili namwona Ali kileleni, na namwona pia mtu aliyekuja kumweka katika nafasi ngumu mbele ya watu waliompenda. Mchoraji hakuweza kujua hayo. Lakini msomaji wa Tanzania hawezi kuyaacha.

Jambo jingine la wakati wake: kitabu kilichelewa, na kilipofika sokoni Ali hakuwa bingwa. Alikuwa amepoteza mkanda kwa Leon Spinks tarehe 15 Februari 1978, na aliurudisha Septemba 15 mwaka huo huo. Nadhani hilo linakiongezea uzito. Ali wa kitabuni si mtu asiyeguswa, anachoka, anapigwa, anarudi.

Kuhusu toleo nililonalo. Mwaka 2010 DC walikitoa tena kwa jalada gumu, kwa namna mbili: moja ya ukubwa wa katuni za kawaida, na nyingine ya ukubwa ule ule wa mwaka 1978, kiasi cha sentimita 25 kwa 34. Yangu ni hii kubwa, niliinunua ikiwa imetumika kupitia ndugu aliyeko Uingereza. Muuzaji aliifunga kwenye bahasha nyembamba na kona mbili zimekunjika, jambo lililonikera sana kwa kitabu cha aina hii. Ndani ni safi kabisa, karatasi nene, rangi zimetulia. Toleo dogo nimeliona kwa rafiki. Ni zuri na halimlemei msomaji mkononi, lakini michoro hii ilipangwa kwa ukurasa mpana, na ukiipunguza zile sura 172 zinakuwa vitone.

Nakala halisi za 1978 bado zinapatikana kwa wauzaji wa katuni za zamani. Ukubwa wake ndio adui yake, kwa kuwa hazikai kwenye rafu za kawaida na wengi walizikunja. Ukitaka kununua, mwombe muuzaji picha za mambo matatu: mgongo wa kitabu mahali jalada linapokunjwa, orodha ya watazamaji iwe haijaandikwa kalamu na mtoto wa watu, na ukurasa wa mwisho kabisa, ule Ali na Superman wanapokumbatiana, kwa sababu kurasa za mwisho ndizo hung'oka kwanza. Na mwambie aifunge kwenye boksi gumu, si bahasha.

Alama zangu: nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu wameila vyombo vya angani na Lois.