Batman wa Jiro Kuwata: Uchambuzi wa Juzuu la Kwanza

Asalaam aleikum na habari za jioni, watazamaji wangu wa hapa Tanga na wa kwingineko. Kitabu nilichokishika mbele ya kamera ni juzuu la kwanza la Batman aliyechorwa na Mjapani Jiro Kuwata. Kampuni ya DC, wachapishaji wa Batman huko Marekani, ililitoa kwa Kiingereza mwaka 2014, na majuzuu mengine mawili yakafuata mwaka 2015 na 2016, lakini michoro yenyewe ni ya zamani zaidi, kwani Kuwata aliichora mwaka 1966 na 1967 kwa ajili ya magazeti ya wavulana nchini Japani, hasa Shōnen King. Nimeamua kukichambua kwa sababu vijana wachoraji wa Ngamiani na Chumbageni hunitumia kazi zao wakitaka maoni, na wengi wao siku hizi wanamchora shujaa wa Kimarekani kwa mtindo wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani. Naamini kitabu hiki kinalijibu swali lao la namna ya kumgeuza shujaa wa namna hiyo vizuri kuliko ninavyoweza kulijibu kwa ujumbe mfupi wa simu.

Nianze na chimbuko lake. Batman alizaliwa Marekani mwaka 1939, katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics, kwa kazi ya Bob Kane na Bill Finger. Mwezi Januari 1966 ulianza kuoneshwa mfululizo wa televisheni uliomfanya apendwe upya, mfululizo wa rangi kali na vichekesho vingi, nao ulipofika Japani, kampuni ya Shōnen Gahōsha ilipata kibali cha kumchapisha Batman wake yenyewe. Kazi hiyo alikabidhiwa Kuwata, aliyezaliwa mwaka 1935 na ambaye tayari alikuwa na jina kubwa kutokana na 8 Man, hadithi ya mpelelezi mwenye mwili wa mashine aliyoichora pamoja na mwandishi Kazumasa Hirai. Kwa hiyo aliyepewa Batman alikuwa fundi aliyekomaa katika hadithi za upelelezi, mwenye mistari safi, myembamba na isiyo na papara.

Sasa niseme jambo ninaloliona kuwa ndiyo roho ya kitabu hiki. Wengi wetu tunadhani kumgeuza mhusika awe wa manga ni kumkuza macho, kumchongoa nywele na kumpa upanga mgongoni. Kuwata hakufanya hata moja kati ya hayo. Batman wake ana kofia ileile yenye masikio, joho lilelile na popo yuleyule kifuani; mji wake wa Gotham umebaki Gotham, mtu aliye chini ya kofia, Bruce Wayne, amebaki Bruce Wayne, na msaidizi wake kijana, Robin, yupo pembeni yake. Alichokibadilisha Kuwata ni mwendo wa wakati ndani ya hadithi. Tukio ambalo mchoraji wa Kimarekani wa enzi ile angelimaliza kwa fremu moja yenye kiputo kikubwa cha maneno, yeye hulikatakata katika fremu kadhaa, nyingine zikiwa hazina neno lolote, mpaka msomaji anaanza kuhesabu pumzi za mhusika.

Tazameni hadithi ya kwanza kabisa humu, inayomhusu mhalifu aitwaye Lord Death Man. Huyu amevaa vazi jeusi lililochorwa mifupa mwili mzima, na usoni ana barakoa ya fuvu. Anakamatwa, anakufa, kifo chake kinathibitishwa, anazikwa, kisha anaonekana tena mjini akiendelea na uhalifu wake kana kwamba kaburi ni mlango wa kuingia na kutoka. Asili ya kisa hiki ni hadithi ya Kimarekani iliyotoka mwaka uleule wa 1966 katika toleo la 180 la jarida la Batman, na huko kilianza na kwisha ndani ya toleo moja. Kuwata alikigawa katika sura tatu, na nafasi aliyoipata hakuijaza ngumi, aliijaza wasiwasi. Batman, ambaye tumezoea kumwona akiwa na jibu la kila fumbo mkononi, hapa anasumbuka kikweli, kwa sababu amekutana na adui ambaye kumshinda hakusaidii kitu.

Naomba mwangalie ukurasa huu ninaousogeza karibu na kamera, na muuangalie kwa jicho la mchoraji. Watu wawili wanakabiliana na wote wamefunika nyuso zao. Fuvu haliwezi kubadilika. Linatabasamu vilevile likishinda na likishindwa, na ndiyo maana linatisha. Kofia ya Batman nayo inaficha macho na paji la uso, hivyo kilichobaki kwa mchoraji ni mdomo na kidevu tu. Kuwata anaitumia sehemu hiyo ndogo kwa ustadi mkubwa sana: meno yaliyoumana, mdomo ulioachama kidogo, kidevu kilichogeuzwa upande, na hofu yote ya hadithi inapita hapo. Ninyi mnaohangaika kuchora macho makubwa yenye nyota ndani yake, kaeni na kurasa hizi mjionee jinsi mtu anavyoweza kuonesha hofu bila jicho hata moja.

Jambo la pili linalotokana na mwendo huo ni namna sura zinavyokatika. Gazeti la kila wiki lilipaswa kumfanya mtoto arudi dukani wiki inayofuata na sarafu zake, kwa hiyo sura huishia pale panapouma: mlango unafunguka, mtu anaanguka, sauti inasikika nyuma. Wazee wetu waliokuwa wakisubiri toleo jipya la jarida la katuni la Sani ili wajue yaliyowapata Ndumilakuwili na Lodi Lofa wanaijua hamu hiyo. Ukisoma kitabu kizima kwa mkupuo utaipoteza. Mimi ningeshauri usome sura moja, ufunike, uendelee na shughuli zako, kisha urudi kesho.

Kuhusu upande wa kusomea, kitabu kinafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, na fremu nazo zinafuata mwelekeo huo. Watazamaji wa miji mingine huniuliza mara nyingi kama jambo hili linachosha, lakini hapa kwetu, ambako wengi tumepita chuoni na kuufungua msahafu tangu tukiwa wadogo, mkono unakwenda wenyewe. Ugumu kidogo uko kwenye viputo vya maneno, maana maneno ya Kiingereza ndani ya kiputo yanasomwa kutoka kushoto ilhali viputo vyenyewe vinapangwa kutoka kulia. Kurasa chache tu zinatosha kulizoea hilo.

Wahalifu wa Kuwata wanastahili kusemewa neno, kwa sababu yeyote atakayenunua kitabu akimtafuta Joker au Penguin, maadui maarufu wa Batman, atatoka mikono mitupu. Hawamo. Kuwata alichagua wahalifu wasiojulikana sana na kuwageuza kuwa maswali. Yuko Dr. Faceless, mtu aliyepoteza uso wake na ambaye sasa anaharibu nyuso popote anapozikuta, za sanamu na za picha. Katika hadithi nyingine ya mfululizo huu yuko gavana anayegundua kwamba mwili wake unabadilika na kuwa kiumbe kisichokuwa binadamu tena, na hapo Batman halazimiki tu kupigana, analazimika kuamua kama mtu huyo bado anahesabiwa miongoni mwa watu. Hii ya gavana naiona kuwa bora kuliko zote, hata kuliko ya Lord Death Man ambayo ndiyo iliyopata sifa nyingi na ambayo mhusika wake aliwavutia Wamarekani wenyewe hata akatumiwa na mwandishi Grant Morrison katika mfululizo wa Batman, Incorporated mwaka 2010. Katika hadithi ya gavana, adui hakuchagua uovu, na Kuwata hamwachii msomaji nafasi ya kumchukia kirahisi.

Ipo njia nyingine ya kufanya kazi hii, na mchoraji kijana anapaswa kuzifahamu zote mbili. Mwaka 1970 Ryoichi Ikegami alianza kumchora Spider-Man kwa ajili ya wasomaji wa Japani, lakini chini ya barakoa hakumweka Peter Parker, kijana wa Kimarekani wa hadithi ya asili; alimweka mwanafunzi wa Kijapani aitwaye Yu Komori, mwenye nyumba yake, shule yake na majuto yake, na baadaye Kazumasa Hirai, yuleyule wa 8 Man, akaandika sehemu ya hadithi hizo. Ikegami alihifadhi vazi akabadilisha mtu; Kuwata alimhifadhi mtu akabadilisha mwendo. Siku hizi yapo mengi zaidi, hata Superman aliyeanza kuchorwa mwaka 2021 akiruka mpaka Japani kwa ajili ya kula chakula cha mchana tu, nayo ni kazi yenye furaha yake, lakini sitaiingilia leo.

Ninapoitazama njia ya Kuwata, huwa namfikiria Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Chakubanga aliishi ndani ya nafasi ndogo ya gazeti na alipaswa kuchekesha papo hapo. Ningependa sana kuona kijana wa hapa Tanga akimchukua mhusika wa namna hiyo, asimbadilishe nguo wala sura, bali ampe kurasa kumi za ukimya: anangoja basi, anahesabu alichonacho mfukoni, anamwona mtu anayemdai akija kwa mbali. Hapo tungejua kama mchoraji ameelewa manga au amenakili macho tu.

Kasoro zipo na lazima nizitaje. Mafumbo ya Kuwata hufunguliwa mwishoni kwa maelezo marefu, Batman akisimama na kueleza kila kitu kwa mfululizo, na baada ya ukimya mzuri wa kurasa zilizotangulia, maneno hayo yananiudhi. Sayansi yake ni dhaifu hata kwa kipimo cha enzi ile. Robin, ambaye angeweza kuwa jicho la msomaji mdogo, mara nyingi anaachwa aulize maswali na kuokolewa. Isitoshe, kazi nzima ilikoma mwaka 1967, wakati wimbi la Batman lilipopungua, kwa hiyo usitarajie kwamba ukiyamaliza majuzuu yote matatu utafika kwenye hitimisho lililopangwa.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kitabu cha Chip Kidd cha mwaka 2008, ambacho ndicho kilichowafunulia wasomaji wa Kiingereza kazi hii kwa upana. Ni kitabu kizuri cha kutazama, kwa kuwa kurasa za magazeti ya zamani zimepigwa picha zikiwa na umanjano wake wote, pamoja na vinyago vya Batman vya Kijapani vya wakati huo. Hata hivyo, baadhi ya hadithi humo hazikukamilika, na kwa mtu anayetaka kujifunza namna ya kusimulia, hadithi iliyokatika haimfai. Chukueni hili la DC.

Bei iliyochapishwa kwenye jalada la juzuu la kwanza ni dola za Marekani 14.99, bila gharama za kulisafirisha, na lipo pia katika nakala ya kusomea kwenye simu au kompyuta. Kwa mchoraji ningependekeza nakala ya karatasi, kwa sababu Kuwata alizipanga kurasa mbili zinazotazamana zionekane kwa pamoja, na kioo cha simu kinazitenganisha. Kwa msomaji wa kawaida, nakala ya simu inatosha. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi ni fupi, na mwanafunzi wa sekondari ataisoma bila kamusi, ingawa mafuvu na makaburi ya hadithi ya kwanza siyo ya kumpa mtoto mdogo wakati wa kulala. Kama fedha inatosha kitabu kimoja tu, nunueni hiki cha kwanza, na mkishamsoma Lord Death Man, chukueni penseli mchore tena ukurasa mmoja wa makabiliano yao kwa fremu moja tu, kisha mnitumie kurasa zote mbili. Nitazichambua hapa katika video ijayo, nikitaja nani alipoteza nini alipoziunganisha fremu hizo.