Mikro za besi: kabla hujatoa dola, teremsha kifundo kimoja

Mwaka jana nilinunua besi, gitaa la sauti nzito, ya dola 380 hapa Lubumbashi. Ya aina ya Jazz, mikro mbili (sumaku za chini ya nyuzi), rangi ya jua linalozama: katikati manjano ya embe bivu, pembeni nyeusi, inang'aa mpaka unaweza kujipaka poda ukijitazama humo. Muuzaji aliichomeka kwenye ampli, akafungua vifundo vyote vya sauti mpaka mwisho, akapiga sebene kidogo huku redio ya jirani inalia. "Iyi njo ya Amerika, yaya. Angalia vile inang'ara." Nami nikaangalia vile inang'ara, nikahesabu noti.

Jumapili yake kanisani, kwaya inaimba polepole, nikateremsha mikro ya mbele ili sauti ikauke kidogo. Besi ikaanza kulia peke yake. Mmmmmm. Sijagusa uzi. Mama mmoja wa safu ya pili akageuka kutafuta ni nani amewasha grupu, jenereta, nje. Nikarudisha kifundo, ngurumo ikazama, ikabaki sauti nyingine nyembamba, ya nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Papa pasta alinitupia jicho la huruma ambalo sikuliomba.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue mikro gani, simwambii habari za sauti "ya joto" wala "ya mviringo". Maneno hayo kila muuzaji anayo ya bure. Mimi nauliza kitu kimoja: ukiwa hujapiga, inasema nini?

(Mikro nasema kama tunavyosema sote huku: zile sumaku chini ya nyuzi. Siyo mikro ya kuimbia, ingawa nayo nitaigusa, kwa sababu iliwahi kunipiga mdomoni.)

Ndani ya mikro kuna sumaku, na waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa, ampli inaukuza. Shida ni kwamba koili, yaani waya huo uliozungushwa, haichagui cha kusikia. Transfoma ya ampli, taa za mirija, waya za ukutani, vyote vinaingia. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unatikisika mara 50 kwa sekunde. Sol ya chini ya besi, ile ya uzi mnene mahali pa tatu, ni hezi 49. Kwa hiyo ngurumo yetu ni sol iliyopanda kidogo, na haichoki. Wimbo ukiwa wa sol, utadhani besi yako imelegea, utakaza nyuzi bure. Wimbo ukiwa wa fa diezi, Mungu akusaidie. Wamarekani wana umeme wa hezi 60, kelele yao inaangukia kati ya si bemoli na si, ndiyo maana mtu wa huko anaweza kuisifu mikro kwa moyo safi kabisa na wewe huku ukaichukia.

Leo Fender, Mmarekani aliyebuni besi za Precision na Jazz, aliiona shida hii mapema. Precision Bass ilipotoka mwaka 1951 ilikuwa na koili moja. Mwaka 1957 ikapewa mikro iliyokatwa vipande viwili, kimoja cha nyuzi mbili nene, kingine cha nyuzi mbili nyembamba, waya na sumaku za kimoja zikiwa kinyume cha mwenzake. Sauti ya nyuzi inapita, ngurumo ya upande huu inafuta ya upande ule. Jazz Bass ya mwaka 1960 ina mikro mbili za koili moja moja, kinyume kwa kinyume, nazo zinafutana pia, lakini kwa sharti: vifundo vyote viwili viwe sawasawa. Teremsha kimoja, ndoa imevunjika. Sasa unaelewa kwa nini muuzaji wangu alifungua vyote mpaka mwisho.

Basi dukani fanya hivi. Omba wazime redio. Ampli juu, usipige kitu. Teremsha kifundo cha mikro ya mbele, sikiliza. Kirudishe, teremsha cha nyuma, sikiliza. Geuka polepole na besi tumboni, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu: kelele ikipanda na kushuka unavyogeuka, hiyo ni ngurumo ya koili moja. Halafu shika nyuzi kwa kiganja kizima. Nyuki wakinyamaza ukishika, waya wa ardhi unaofika kwenye daraja la nyuzi upo, ila tundu la ndani halina kinga. Wasipobadilika, huenda waya huo umekatika. Wakizidi, kuna waya zilizogeuzwa. Mwenye duka atakuambia unamchelewesha. Mchelewesha.

Lazima utofautishe wagonjwa hawa wawili, maana dawa zao hazifanani. Ngurumo nzito inatibiwa na mikro yenye koili zinazofutana. Nyuki wanatibiwa na kinga ya shaba ndani ya mwili wa gitaa, na hakuna mikro ya dola 100 itakayowamaliza kabisa kama waya zilizobaki ziko uchi. Nimeona kijana amebadilisha mikro mara mbili kwa ajili ya nyuki. Mara mbili!

Sasa mpangilio wangu, na sifichi: mimi ni mtu wa DiMarzio, watengenezaji wa mikro.

Kwa besi ya aina ya Precision, naweka juu DiMarzio Model P. Sumaku za kauri, sauti nene inayojitokeza hata ngoma zikiwa tatu, na vichwa vyake ni skrubu unazoweza kupandisha au kushusha kwa ufunguo mdogo. Hilo la skrubu watu hulipita, lakini seti za nyuzi tunazozipata hapa mara nyingi zimechanganywa, uzi mmoja unapiga kelele na mwingine unanong'ona. Unazungusha robo duara, unapiga, unazungusha tena, mpaka re na la zinakaa pamoja. Kwa Jazz nachukua Ultra Jazz, au Model J ukitaka kifua zaidi. Kila moja inafuta ngurumo yake yenyewe bila kumtegemea mwenzake, kwa hiyo vifundo vinarudi kuwa vya kuchagua sauti, na mikono yako inakuwa huru. Ndizo nilizoweka. Mama wa safu ya pili hajageuka tena.

Wa pili ni EMG, na kama kipimo kingekuwa usalama peke yake wangekuwa wa kwanza. Hizi zina kikuzaji kidogo ndani, zinataka betri ya volti 9, na nyuzi hazihitaji kuunganishwa na ardhi. Kwa nini ni jambo kubwa? Nyumba nyingi na makanisa mengi huku hayana waya wa ardhi unaostahili jina hilo. Unashika nyuzi, ambazo ni sawa na kushika bodi ya ampli, halafu unasogeza mdomo kwenye mikro ya kuimbia iliyochomekwa mahali pengine. Mimi niliona mwanga wa bluu, nikanyamaza ubeti mzima, watu wakadhani nimeguswa na Roho. Ukipiga huku unaimba, EMG ina maana. Lakini jeki yake ndiyo swichi ya betri: ukiacha kebo imechomekwa kuanzia mazoezi ya Jumatano, betri inakesha ikifanya kazi mpaka Jumapili. Na betri za sokoni tunazijua, nyingine zinafika zimeshachoka. Tena usinunue EMG iliyotumika bila vifundo vyake. Vyake ni vya kilo-omu 25 (kipimo cha ukinzani wa umeme), vya mikro za kawaida ni 250. Ukizifunga kwenye vya 250 kifundo kinakuwa kama swichi ya taa, ama kimya ama yote. Kuna wauzaji wanaovunja seti, mikro kwa huyu, vifundo kwa yule, na wote wawili wanaondoka wakitabasamu.

Wa tatu, Seymour Duncan Quarter Pound, lakini ile ya Precision tu. Vichwa vya sumaku vina upana wa milimita 6 na kidogo, ina nguvu, inafaa kwa mpigaji mwenye kidole chepesi. Ile ya Jazz ya jina hilo hilo ni koili moja moja, tumesharudi kanisani.

Za nne ni za Fender zenyewe, zilizotengenezwa kufuata za zamani. Za Jazz ni tamu kweli, utamu ambao DiMarzio wangu hawana, nakiri. Studioni zichukue. Kwenye sherehe mtaani Katuba, hatua tatu kutoka kwenye grupu, zitaimba na grupu.

Zile zisizo na jina, za dola 15: chukua ya Precision, ipime kwa multimeta, kile kipima umeme, ikisoma karibu kilo-omu 10 au 11 iko hai. Basi.

Kuhusu vipimo nasema haraka: mikro ya nyuma ya Jazz huwa ndefu kidogo kuliko ya mbele, milimita tatu hivi, na besi za nyuzi tano zina ulimwengu wao. Pima kwa rula kabla hujaagiza.

Nije kwenye rangi, maana ndiyo iliyonidanganya. Watu watakuuliza kama ni verni ya nitroselulozi au ya poliesta, na kwamba nitro inaacha mbao "zipumue". Kwa besi yenye mikro za sumaku, ikipigwa kati ya ngoma na kinanda, mimi tofauti hiyo siisikii. Ninachokiona kwa macho ni kwamba nitro ni nyembamba, inachubuka, inapasuka kama tope kavu ikipata baridi na joto kwa ghafla, na asubuhi za mwezi wa saba hapa tunazijua, unatoka na koti na saa sita unatafuta kivuli. Tena ukiitundika kwenye stendi yenye mpira wa kawaida, mpira unaila verni na kuacha alama ya kunata. Poliesta ni ngumu kama sahani. Kwa mji huu wenye vumbi jekundu, poliesta, tusichoshane.

Lakini swali lenyewe ni lingine: rangi imeingia mpaka wapi? Besi yangu ilikuwa imepakwa upya na fundi wa magari. Kazi safi, namsifu. Ila nilipofungua bamba la vifundo nikakuta jua linazama mpaka ndani ya matundu. Kiwandani matundu yale yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi inayopitisha umeme, ile ndiyo kinga. Fundi aliipaka juu, matabaka mawili matatu ya rangi na verni yake, na skrubu iliyokuwa imeshika waya wa ardhi ikarudishwa juu ya verni. Umeme haupiti hapo. Kinga ilikuwepo, imezikwa. Kwa hiyo ukipeleka besi yako ipakwe, toa mikro na vifundo mwenyewe, ziba matundu yote kwa karatasi na utepe, ziba na pale shingo inapoingia, kwa sababu verni nene hapo inainua shingo na nyuzi zinakaa vibaya. Na ukinunua iliyopakwa upya, omba bisibisi. Muuzaji akikataa usifungue bamba, umeshajibiwa.

Bei sasa. Mikro hizi nzuri huko Marekani zinazunguka dola 100 kwa Precision, za Jazz na EMG zaidi. Mpaka ifike hapa kuna wa Dubai, kuna wa Johannesburg, kuna wa kuvusha mpaka wa Kasumbalesa, kila mtu na mkono wake. Na mwisho muuzaji anainua noti yako kwenye mwanga, anaona tundu dogo kama la sindano, anakurudishia. "Hii haipite, yaya." Noti hiyo nimepewa mji huu huu! Kinachonichoma zaidi ni hiki: mikro ni nini, ukiivunja? Sumaku kidogo na shaba. Malori ya shaba yanapanga foleni Kasumbalesa yakitoka, na mimi nasimama foleni ya upande wa pili nikisubiri gramu chache za shaba zirudi ndani ya boksi la plastiki.

Kinga niliitengeneza mwenyewe. Nilitafuta utepe wa shaba wenye gundi, wiki mbili, hakuna. Karatasi ya alumini ya jikoni usijaribu, lehemu haishiki juu yake. Mwishoni nikaenda kwa mzee mmoja, papa anayegonga picha kwenye shaba za kuuzia wageni, zile za mama na kinu na nyumba za nyasi. Nilitaka vile vipande vyembamba anavyotupa pembeni, vinavyokatika kwa mkasi. Nilivipinda ndani ya matundu, nikalehemu maungio, nikaweka utepe wa kuhami juu yake ili vifundo visiguse, nikarudisha waya wa ardhi kwenye chuma safi.

Papa alipokuwa ananikatia aliniuliza ni ya kazi gani. Nikamwambia ni ya gitaa. Akauliza kama hivyo gitaa litaimba zaidi. Nikasema hapana papa, natafuta linyamaze. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini, akanipunguzia franga elfu tano.