Uzoefu wangu na fremu ya plastiki na fremu ya chuma: Glock 17, CZ 75 B na Shadow 2

Wengi mnaniuliza bastola ya fremu (ule mwili wa chini wenye mpini na triga) ya plastiki au ya chuma, ipi ni bora. Nianze na jibu kabisa maana wengine mna haraka: bastola ya kutembea nayo kila siku nabaki na plastiki, Glock 17 yangu, na bastola ya mashindano nachukua chuma bila kusita. Si kwamba moja nzuri nyingine mbaya, hapana, ni kwamba ya kazi inakaa kiunoni toka asubuhi mpaka usiku na mkononi haiji kabisa na naomba Mungu isije ikaja, wakati ya mashindano inalala kwenye begi mpaka ufike uwanjani halafu siku nzima ipo mkononi. Uzito uleule unaokutesa huku ndio unaokubeba kule.

Mimi ni mtu wa madini, naishi Njiro hapa Arusha na mara nyingi nipo njia ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kukata kwenda Mirerani kwenye machimbo ya tanzanite. Leseni ya silaha ninayo, nilianza kumiliki chuma, CZ 75 B, baadaye nikaongeza Glock, na wikiendi nikipata nafasi napiga shabaha na washikaji wa Arusha na Moshi, siku nyingine tunavuka Namanga kwenda kushuhudia wenzetu Wakenya maana wenzetu mchezo huu wameupeleka mbali. Kwa hiyo haya nayasema kwa kukaa nazo.

Tuanze na kilo kwanza maana kila kitu kinatoka hapo. Glock 17 ikiwa na magazini tupu ni kama gramu 700. CZ 75 B ni kilo moja. Shadow 2, ambayo ni mtoto wa ukoo huohuo wa CZ 75 ila imetengenezwa kwa mashindano, ni karibu gramu 1,330. Sasa weka risasi, risasi moja ya 9mm ni kama gramu 12, ukijaza 17 umeongeza gramu 200 hivi, Glock inafika gramu 900 na kidogo, CZ inafika kama kilo moja na gramu 200, Shadow inapita kilo moja na nusu. Ukisoma kwenye karatasi unaona mbona tofauti ndogo, gramu 300 za CZ na Glock ni nini bwana. Ivae uone. Endesha gari nayo toka Arusha mpaka Mirerani, shuka, kaa kwenye kigoda mnaangalia mawe, inama, simama, panda gari tena rudi. Na CZ jioni nilikuwa navua mkanda nakuta alama nyekundu juu ya nyonga, suruali nimeipandisha siku nzima, na mbaya zaidi mkono unaenda wenyewe pale kiunoni kurekebisha kila baada ya muda, na mtu mwenye macho akikuona unajigusagusa sehemu moja keshajua una nini. Kwa mtu anayetembea na mzigo wa thamani hilo peke yake linatosha kumaliza mjadala. Na Glock mkono unatulia.

Halafu kuna jasho. Arusha mwezi wa saba ni baridi, unaweza usilione, ila shuka Moshi mchana au kaa Mirerani juani, shati linashikana na mgongo na bastola iko katikati. Chuma chochote, sisemi cha kampuni gani, rangi ya juu ikishachubuka kwenye kona na kwenye skrubu za mpini, jasho linapita hapo na ukikaa siku chache hujafungua unakuta kivimbe cha kutu rangi ya udongo. Kwa hiyo bastola ya chuma unaifuta kila jioni na kitambaa chenye mafuta, hilo ni sharti, hujachoka umechoka unaifuta. Fremu ya plastiki jasho haliifanyi kitu, unaangalia slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua) na mtutu tu maana hizo ni chuma.

Na vumbi. Waliofika Mirerani wanajua, tanzanite inatoka kwenye mwamba wenye madini ya kinywe, lile vumbi jeusi linalong'aa, wanaapolo, yaani wachimbaji, wakitoka shimoni wanang'aa nalo uso mzima, na ukikaa nao mchana mmoja linaingia mpaka kwenye mikunjo ya pochi. Nikifungua bastola jioni nakuta mstari mweusi kwenye njia ya slaidi. Hapa muundo una maneno yake. Kwenye CZ slaidi inapita ndani ya fremu, reli ndefu mwanzo mwisho, ni muundo mzuri sana kwa kulenga maana slaidi imeshikwa vizuri, lakini mafuta na vumbi vikikutana kwenye reli ndefu kinatengenezeka kitope na lazima ukisafishe mapema. Glock ina vipande vinne vifupi tu vya reli ya chuma vilivyopachikwa kwenye plastiki, slaidi inagusa sehemu chache, na vumbi lina pa kukimbilia. Ndiyo maana inavumilia uchafu. Siwaambii msisafishe, nasema inavumilia.

Kitu kingine kidogo cha slaidi ya CZ: kwa kuwa imezama ndani ya fremu, sehemu inayobaki nje ya kushika ukikoki ni ndogo. Mwezi wa nne mvua inanyesha mikono imelowa, unavuta vidole vinateleza, unavuta tena. Ya Glock iko juu yote, unaikamata kiganja kizima. Kwa mashindano haina shida, una muda wa kujiandaa. Kwa kazi mimi naliangalia.

Wazee wengine bado wanaidharau plastiki, kuna mzee mmoja rafiki wa marehemu baba yangu ana Browning Hi-Power ya miaka hiyo, kila akiona Glock yangu ananiambia mwanangu hiyo si silaha hiyo ni jagi. Namheshimu sana mzee na Browning ni bastola ya historia, ya 1935, magazini ya risasi 13 wakati wenzake wengi wanabeba saba nane. Lakini nilimwambia mzee wangu, shikamoo, jeshi la Uingereza lenyewe liliitumia hiyo Browning miongo mingi na 2013 likaiweka pembeni likachukua Glock 17. Jeshi la Austria lilishaichukua toka 1982. Na wala Glock haikuwa ya kwanza, Wajerumani wa Heckler & Koch walitoa VP70 ya plastiki 1970. Hii ni teknolojia ya zaidi ya miaka hamsini, kama ingekuwa ya kupasuka mkononi tungeshajua. Ile hadithi kwamba haionekani kwenye mashine ya uwanja wa ndege nayo ni uongo, slaidi ni chuma, mtutu ni chuma, spring ni chuma, uzito mwingi wa hiyo bastola ni chuma, inaonekana vizuri tu. Hata namba ya silaha kwenye fremu imegongwa kwenye kibati kilichozamishwa kwenye plastiki chini ya mtutu, na siku ya ukaguzi hapo ndipo askari anapopasoma kulinganisha na leseni, kwa hiyo pale pasafishe pasijae uchafu.

Sasa twende uwanjani, huku chuma kinasema.

Watu wanasema plastiki inapiga teke kwa sababu ni plastiki. Si hivyo. Teke linatoka kwenye risasi, kile kichwa cha risasi cha gramu 8 kikitoka kwa kama mita 350 kwa sekunde kinaisukuma bastola nyuma kiasi kilekile iwe Glock iwe CZ, ila bastola yenye uzito mara mbili inarudi kwa spidi ya nusu. Basi. Plastiki yenyewe inapinda kidogo sana wakati wa kufyatua na wengine mkono wao unapenda ule ulaini, ila ukweli mkubwa ni uzito.

Shadow 2 niliipiga kwa mara ya kwanza Kirigiti kule Kiambu, ya mshikaji Mkenya, aliniachia nipige na risasi zake. Nitawaelezea nilichokiona kwa macho maana hapa ndipo pesa inapokwenda. Nikipiga Glock mbili za haraka kwenye karatasi mita kama kumi, kilengeo cha mbele kinaruka juu kinapita kichwa cha ile shabaha, nakisubiri kishuke kikae kwenye kifua ndio nabonyeza tena. Ni muda mdogo sana lakini upo, na unausikia mwilini kama kusubiri. Na Shadow kilengeo kinanyanyuka kidogo tu, hakitoki kwenye karatasi, kinarudi palepale kilipotoka na kidole kimeshamaliza. Mdomo wa ile bastola ni mzito, wamejaza chuma mbele chini ya mtutu mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo haipandi. Nilipiga magazini nzima nikawa najiuliza hii 9mm ni ileile kweli? Ni ileile, nimetoka kuiweka mwenyewe kwenye magazini.

Na kwenye IPSC, shirikisho la dunia la mashindano haya ya bastola, hilo ni pointi. Daraja la Production, la bastola za kawaida za kiwandani, wote wanahesabiwa nguvu ndogo hata upige risasi kali vipi, katikati unapata 5, ukitoka kidogo 3, ukitoka zaidi 1, halafu pointi zinagawanywa kwa sekunde. Kwa hiyo mwenye kilengeo kinachorudi mapema anapiga haraka na bado anapata tano tano. Ndiyo maana ukiangalia mabingwa, Eric Grauffel wa Ufaransa kwa mfano, unawakuta na chuma cha Czech au cha Italia. Uzito una hasara moja tu niliyoiona, ukihama shabaha ya kushoto kwenda ya kulia unachelewa kidogo kuiondoa na ukifika inataka kupitiliza, mabega lazima yafanye kazi. Ukifanya mazoezi inaisha.

Halafu triga. Ya Shadow baada ya risasi ya kwanza ni laini mno, fupi, unagusa inaachia. Lakini sheria ya Production inataka uanze nyundo (kile kipande cha nyuma kinachopigilia risasi) ikiwa chini, na Shadow 2 ya kawaida haina kitufe cha kuishusha, kwa hiyo ukishakoki risasi imeingia chemba unaishika nyundo kwa kidole gumba, unabonyeza triga, unaiteremsha taratibu mdomo ukiwa kwenye tuta la udongo na afisa wa uwanja amesimama nyuma yako. Mara ya kwanza moyo ulinienda mbio. Uwanjani na usimamizi ni sawa, ila kuifanya hiyo shughuli kila asubuhi chumbani watoto wapo sebuleni mimi hapana. Glock haina nyundo ya nje wala haina sefti ya kidole gumba, mvuto wa triga ni uleule risasi ya kwanza mpaka ya mwisho, kama kilo mbili na nusu, si mtamu, una chembechembe, ila haubadiliki. Sharti lake ni holsta, yaani mfuko wa kuvalia bastola kiunoni, iwe ngumu na inayofunika triga yote. Zile holsta laini za kitambaa wanazouza mtaani, niliuziwa moja na duka moja hapa mjini kwa maneno matamu, baada ya muda mfupi mdomo wake ukalegea ukawa unakunjika kuelekea ndani, ndani kabisa triga ilipo. Niliikata na mkasi asije akaiokota mtu mwingine. Ingekuwa duka linalojali wasingeiweka hata kwenye kabati.

Wanaoniuliza kuhusu moja ya kufanya kazi zote mbili, pesa yenu inatosha moja tu: chukueni plastiki. Chuma cha mashindano bei yake huko kinakotoka ni karibu mara mbili au zaidi, kwa sababu fremu ya plastiki inamiminwa kwenye umbo na ile ya chuma inachongwa kwenye mashine, na tofauti hiyo ukiiweka kwenye risasi za mazoezi unampita mwenye Shadow asiyepiga. Nimeona kwa macho dada mmoja wa Moshi na Glock ya kawaida akiwaacha wanaume watatu wenye chuma, mshiko wake tu, mikono imekaba juu kabisa nyuma ya slaidi, bastola haina pa kwenda. Kuna za katikati pia, fremu za alumini kama Beretta 92, na SIG wana P320 X5 Legion ambayo mpini wake ni plastiki iliyochanganywa na unga wa tungsteni ili iwe nzito, yaani wenyewe wa plastiki wamekubali uzito unatakiwa. Hiyo sijaishika, nikiishika nitawaandikia.

CZ 75 B yangu sijaiuza na siiuzi, ndiyo ninayoifanyia mazoezi na kushindania hapa kwetu mpaka nipate kibali na hela ya Shadow. Anayeivaa ya chuma kazini kwa sababu ndiyo aliyonayo, nunua mkanda mgumu wa tabaka mbili kabla ya kitu kingine chochote, ule wa suruali ya ofisini unapinda na bastola inalala nje, na ubebe kitambaa chenye mafuta kwenye gari, ukishuka Mirerani ukarudi ifute hukohuko kabla hujaingia ndani.