Miezi kumi na moja ya chemsha bongo ya ukoo kwenye Telegram: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka, niseme mapema: nyota nne kati ya tano. Nazungumzia QuizBot, ile boti ya maswali (programu inayojiendesha yenyewe) iliyomo ndani ya Telegram, ambayo kila Alhamisi usiku naitumia kuendesha chemsha bongo ya ukoo wetu. Gharama yake kwangu ni bando tu, na maswali ya maandishi matupu hayali bando kubwa. Nyota ya tano nimeizuia si kwa ubaya. Kuna kazi ambayo hakuna boti itakayokufanyia, nami nilichelewa kulijua hilo.

Ukoo wetu kundini ni watu arobaini na kitu. Wengi tuko Tanga na Dar es Salaam, mjomba na wanawe wako Muscat, binamu mmoja na familia yake wako Leicester, na shemeji yetu ni Mrundi wa Bujumbura. Kabla ya haya, kundi lilikuwa la salamu za asubuhi, picha za maua na taarifa za misiba. Ukiona ujumbe mrefu, unajua kuna aliyefariki au kuna mchango.

Tulianzia WhatsApp, kwa zile kura zilizoingia mwishoni mwa 2022. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu kura ile ni ya kuuliza nani anakuja harusini na nani haji. Haina jibu sahihi, na kila mtu anaona mwenzake kabonyeza wapi. Sasa sisi tuna shangazi aliyefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Akibonyeza jibu, hazipiti sekunde kumi watu kumi na tano wameshajazana nyuma yake kama watoto wa darasa la pili. Jioni moja akabonyeza jibu la uongo kwa makusudi, akangoja ukoo mzima umfuate, kisha akahamisha kura yake kimya kimya. Siku hiyo alishinda peke yake, na sisi tukaanza kutafuta chombo kingine.

Cha pili sitakitaja jina. Kilikuwa na rangi na muziki, watoto walikipenda, ila ilibidi swali ulitazame kwenye skrini moja na jibu ulibonyeze kwenye skrini nyingine. Huku kwetu mtu ana simu moja, na wakati mwingine ile simu moja ni ya watu wawili. Tulipoongezeka kikaanza kudai malipo. Tukakiaga.

Ndipo mpwa wangu akanionyesha Telegram. Maswali yenye jibu sahihi waliyaingiza Januari 2020, nami nilikuwa nayo kwenye simu muda wote huo nikiitumia kupokea faili tu. Namna yake ni nyepesi. Unaifungulia boti mazungumzo, unaipa jina la shindano, unaandika swali na majibu ya kuchagua, unaweka tiki kwenye lililo sahihi, unachagua muda wa kila swali, basi. Ukiipeleka kundini, inangoja watu wawili au zaidi wabonyeze kwamba wako tayari, halafu inatoa swali moja baada ya jingine na kuhesabu alama yenyewe. Ukipata, karatasi za rangi zinamwagika kwenye skrini. Ukikosa, unaona nyekundu na swali linatikisika kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa. Mwenzako alichochagua hukioni mpaka nawe uchague. Shangazi hana tena wa kumdanganya.

Nilipomwambia bibi kwamba kuanzia wiki ijayo maswali yatakuja na boti, aliuliza: ya Pemba au ya Unguja? Mpaka leo akikosa swali husema boti imemwacha.

Kuhusu muda nina maneno. Kuna uhuru wa kuchagua kuanzia sekunde 10 kwa swali moja, nami mwanzoni niliweka 15 nikiamini ndiyo njia ya kuwazuia wanaochungulia Google. Matokeo yake vijana walishika nafasi zote za juu wiki tatu mfululizo, na wazee wakaanza kuwa na wageni kila Alhamisi. Sababu haikuwa kutojua. Mjomba akifika mwisho wa swali, anatafuta miwani, na miwani ikipatikana swali limekwisha. Sasa naweka dakika moja. Boti bado inatazama kasi pale watu wawili wanapofungana kwa alama, lakini kwa dakika nzima hata bibi anajibu, tena baada ya kubishana na mjukuu aliyemshikia simu.

Na kuchungulia? Dawa yake iko kwenye swali lenyewe. Ukiuliza Kilimanjaro una mita ngapi, umewaalika watu Google, wataleta 5,895 kabla hujakohoa. Lakini uliza hivi: Zanzibar ilitangulia kupata uhuru kuliko Kenya, kweli au uongo, na kama ni kweli kwa siku ngapi? Mtu anaanza kuhesabu kichwani. Tanganyika Desemba 9, 1961, hiyo kila mtu anayo. Uganda Oktoba 1962. Kenya Desemba 12, 1963. Na Zanzibar? Wengi wanarukia 1964 kwa sababu ya Mapinduzi. Uhuru wenyewe ulikuwa Desemba 10, 1963, siku mbili tu kabla ya Kenya. Swali hilo lilipatiwa na watu watano, na hakuna aliyepata kwa kuchungulia, maana hata cha kuandika kwenye Google hukijui vizuri.

Jingine lililowanasa wengi: ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Mkono unakwenda Victoria wenyewe, kwa vile ni kubwa na tumeliimba tangu utoto. Victoria halifiki hata mita mia. Ziwa Tanganyika linashuka mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal tu. Shemeji alipata, akatuma picha ya ziwa lake kutoka barazani.

Nimejiwekea utaratibu kwamba swali la kina babu lifuatwe na la wajukuu. Nikiuliza ni Mtanzania gani aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, wazee wanaamka kwenye viti. Filbert Bayi! Mjomba hakuishia hapo, akaeleza kwa sauti, dakika nne za ujumbe, jinsi Bayi alivyokimbia mbele tangu mwanzo na John Walker akishindwa kumfikia. Watoto wakasikiliza. Kisha linakuja swali la mpira wa juzi au la simu, na ni zamu ya wazee kukodoa macho. Hakuna anayeondoka na sifuri, wala hakuna anayeondoka na kumi.

Lakini swali lililozua mjadala mrefu kuliko yote lilikuwa na maneno matano. Tanzania inapakana na nchi ngapi? Niliweka 6, 7, 8 na 9, jibu langu likiwa 8: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Nusu ya ukoo ilichagua 7. Hoja yao ni kwamba hakuna mahali unapoweza kutoka Tanzania kwa miguu ukakanyaga Kongo, kwani mpaka wetu nao wote umo ndani ya Ziwa Tanganyika. Mjomba akasema sawa, kama maji yanahesabiwa, mbona Komoro hukuwaweka? Binamu wa Leicester akaleta ramani. Shangazi akasema alifundisha nane na atakufa na nane. Mjadala ulivuka usiku wa manane, na asubuhi zile picha za maua hazikuja, zilikuja ramani.

Pale ndipo nilipoelewa kazi ninayoifanya. Nilikuwa natunga maswali ya mtihani, yale ambayo aliyekosa ananyamaza. Chemsha bongo ya watu wanaopendana inataka swali ambalo aliyekosa ana la kusema. Tangu siku hiyo, nikimaliza kutunga swali najiuliza: mtu akikosa hili, atajitetea vipi? Nikiona hana utetezi wowote, nalifuta. Boti ina sehemu ya kuandika maelezo mafupi yanayojitokeza mtu akishajibu, nafasi ya herufi 200 tu. Wengi wanaipita. Mimi ndiyo naianzia. Nikishindwa kuandika humo jambo la kuchekesha au la kushangaza kuhusu jibu, najua swali lenyewe ni kavu. Kwa mfano, vita vya Agosti 27, 1896 kati ya Uingereza na Zanzibar vilichukua muda gani? Chini ya saa moja. Maelezo niliyoweka: "Wali wako ungekuwa bado haujaiva."

Sasa aibu yangu. Siku moja niliandika maswali nikiwa kwenye daladala, na la nne lilikuwa mji mkuu wa Burundi. Nikaweka tiki kwenye Bujumbura. Nilisahau kabisa kwamba tangu 2019 mji mkuu wa kisiasa ni Gitega, na Bujumbura imebaki mji wa biashara. Shemeji, aliyeko hapo hapo Bujumbura, alichagua Gitega, na boti ikamwekea nyekundu. Mbele ya wakwe zake! Swali likishatumwa hulirudishi. Kundi likanyamaza, maana hakuna aliyejua kama amekasirika. Shangazi akaandika: "Shemeji, mdai mji."

Kwa aliyekulia kwenye vitendawili hilo halihitaji maelezo. Anayeshindwa anatoa mji, anayepewa anautembelea kidogo kwa maneno, ndipo jibu linatolewa. Dada alimweleza mumewe, nami nikampa Tanga yote. Baada ya muda jibu likaja: "Nimekwenda Tanga, nimekula muhogo wa nazi na papa mkavu, nimelala Raskazone, nimeamka, nimerudi mji mkuu wetu, Gitega." Sijawahi kuona emoji nyingi namna ile.

Ikawa sheria. Mtunga maswali akikosea, anatoa mji. Na swali lisipopatiwa na mtu hata mmoja, ukoo mzima unampa mtunga mji. Hesabu ya miji haimo kwenye boti, naiweka mwenyewe kwenye daftari. Kufikia leo shemeji ana Tanga, Pangani na Lushoto. Mimi nimebakiwa na Korogwe.

Zawadi tuliwahi kuweka, vocha ya shilingi elfu tano. Msiweke. Wiki ya kwanza tu watu wakaanza kudai kwamba fulani ana laini mbili, fulani anajibiwa na mwanawe wa chuo kikuu, mtandao wa fulani ulikatika hivyo swali lirudiwe. Elfu tano! Tukaifuta, na sasa mshindi anapewa kazi: yeye ndiye anayetunga maswali ya wiki inayofuata. Imenipunguzia mzigo, na imewanyamazisha wale waliokuwa wakilalamika kwamba maswali yangu ni ya Tanga tupu.

Wenye jamaa walio mbali wajiandae kwa suala la saa. Tunaanza saa 3 usiku kwetu, ambayo ni saa 2 Bujumbura na saa 4 Muscat, na Alhamisi iliwafaa wa Muscat kwa kuwa Ijumaa hawaendi kazini. Leicester ndiko kwenye shida. Waingereza wanarudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, binamu akasahau, akaingia saa nzima baadaye akikuta watu wanapeana pongezi. Binti yake, aliyezaliwa kule, ndiye aliyenivunja mbavu. Alisoma "saa 3 usiku" kwa hesabu ya kwao, akatega kengele, akaamka usiku wa manane akaandika: "Mko wapi jamani?" Sasa natuma muda kwa hesabu zote mbili.

Kidokezo kimoja cha mwisho kwa watakaojaribu na kundi la watu wasiojuana: Telegram inakuruhusu kuficha namba yako ya simu. Ingieni kwenye mipangilio ya faragha kabla ya kualikana. Na ifungueni boti mapema mkajaribu maswali mawili matatu, kwa sababu maelekezo yake ni ya Kiingereza, na mtu wa kuwaelekeza wazee hatakiwi kutafutwa saa 3 kasoro dakika tano.

Alhamisi hii zamu ni ya shemeji. Ametuma onyo kwamba maswali yote kumi ni ya Ziwa Tanganyika, tena upande wa kwao. Shangazi ameshamwuliza kama nchi zinazolizunguka zihesabiwe kwa miguu au kwa mtumbwi.