Oxford English Dictionary na maana 645 za kitenzi kimoja

Anayefungua Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya Kiingereza, kwenye intaneti na kutafuta kitenzi run (kukimbia) hukutana na maana 645. Idadi hiyo imekipiku kitenzi set, ambacho katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, ndicho kilichoongoza kwa maana zipatazo 430. Mhariri Peter Gilliver alitumia miezi tisa kukifanyia kazi kitenzi run, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011.

Nguvu ya kamusi hii ni mpangilio wake wa kihistoria. Kila maana huambatana na dondoo zenye tarehe, kuanzia ile kongwe zaidi iliyopatikana, hivi kwamba msomaji huona jinsi neno lililohusu miguu ya watu na maji ya mto lilivyokuja kubeba mashine, biashara, uchaguzi na programu za kompyuta. Mwanariadha hukimbia, pua hutoka kamasi, nguo huchuja rangi, mwanasiasa hugombea kiti, mwenye duka huendesha duka lake; Kiingereza hutosheka na run kwa yote hayo, na kamusi huonyesha kila tawi lilichipuka lini na kwa ushahidi gani.

Hata hivyo, idadi hiyo isichukuliwe kama hesabu ya mifugo zizini. Mhariri ndiye anayeamua wapi maana moja inaishia na nyingine inaanzia, na baadhi ya mipaka aliyoweka ni myembamba mno kwa msomaji wa kawaida kuihisi.

Mpangilio huohuo unaomfurahisha mtafiti humchosha mwanafunzi. Aliyekwama kwenye sentensi kuhusu shati linalochuja rangi hulazimika kupita maana zilizokwisha kuachwa karne nyingi zilizopita, na akitafuta run out (kuishiwa) au run into (kukutana na), inambidi aende kwenye sehemu nyingine ya maelezo hayohayo. Kwake yeye, kamusi ndogo ya wanafunzi inayotanguliza maana zinazotumika zaidi itafaa kuliko hii. Mfasiri, kwa upande wake, hasa wa maandishi ya kale, sioni atakwepaje kuitumia.

Maelezo kamili hufunguliwa kwa waliolipia. Maktaba nyingi za vyuo vikuu hulipia kwa niaba ya wasomaji wao, kwa hiyo ni vyema kuulizia huko kabla ya kutoa fedha mfukoni.